Pichi za Bondeni na Mbuzi wa Tlali

Saa kumi na mbili kasoro, jua halijaamua kutoka, Ntate Lebuajoang Phakoe analipiga teke tairi la greda lake. Hufanya hivyo kila asubuhi. Anasema likikosa teke linanuna.

Theluji imeanguka tangu jana jioni, na huu ni mwezi wa Septemba, baridi ingepaswa kuwa imekwisha. Simu inalia. Ni msimamizi wake, Ntate Moshoane, aliye bondeni, mwendo wa saa tatu kwa gari.

"Theluji gani, Ntate? Hapa niko na shati tu. Pichi zimechanua mpaka nyuki wamelewa."

"Basi niletee hao nyuki, wanisaidie kusukuma."

Lebuajoang ana miaka 54, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza akiifungua barabara hii ya mlimani. Mshahara wake ni maloti 4,300 kwa mwezi, "na baridi ya bure."

Mlima anaujua kama mfuko wa koti lake. Jana bondeni yalipita manyunyu tu. Hapa kambini theluji inafika kwenye kifundo cha mguu, kule kileleni inafika kiunoni. Upande wa kaskazini, unaopigwa na jua, ikifika saa nne ni tope tupu. Upande wa kusini ni kivuli, na theluji ikilala huko inaweza kulala wiki mbili.

Huko kivulini ndiko aliko Tlali, jirani yake, na mbuzi arobaini na sita walionyolewa singa Jumatatu. Wako uchi.

Kosa lilianzia kwenye mti. Watu wa huku hunyoa mbuzi pichi zikichanua, ishara kwamba baridi imeondoka. Jumamosi Tlali alishuka bondeni kununua chumvi, akakuta miti yote imejaa maua, akarudi mbio kunoa mkasi.

"Nilimwambia hizo ni pichi za wenyewe," anasema Lebuajoang. "Akanijibu kwamba mti hauna wilaya."

Sasa mke wa Tlali, Mme Malineo, amekaa kambini ndani ya pikapu iliyosheheni majani makavu na magunia ya kuwapelekea mbuzi. Agizo la msimamizi ni kuanza kuondoa theluji upande huu wa karibu, wa kaskazini. Na tangi lina dizeli ya upande mmoja tu.

"Ukianzia huku," anasema Mme Malineo, "nitafika kileleni kuangalia mbuzi wanavyokufa."

"Huku sianzi. Huku nina mfanyakazi mwenzangu." Anaonyesha jua linalochungulia. "Huyo haombi dizeli. Ngoja saa nne, halafu unifuate."

"Na wakikufukuza kazi?"

"Nitanyoa mbuzi. Nasikia kuna mtu hajui."

Anafunga minyororo kwenye matairi na kupanda, kisu cha greda kikiwa juu, bila kugusa kitu. Kileleni anakishusha na kuanza kuteremka kivulini, taratibu, theluji ikimwagikia korongoni.

Saa sita kasoro anafika kwenye zizi. Tlali anatoka akitetemeka, hana blanketi. Mwanamume wa huku bila blanketi lake ni habari.

"Ntate, nani amekuvua?"

"Yule." Mbuzi mwenye mimba amelala ukutani, kajifunika mpaka shingoni. "Ana wawili tumboni."

Nyuma yao honi inalia. Pikapu imepita kwenye tope la upande wa jua. Mme Malineo hasalimii, anagawa magunia. Wanayatoboa na kuwavisha mbuzi mmoja mmoja. Watatu wamekufa. Arobaini na watatu wanakula majani, wamevaa magunia ya unga kama wanafunzi wa bweni.

"Kwa hiyo mti hauna wilaya," anasema Mme Malineo.

Tlali anamsogezea majani mbuzi mwenye mimba.

Jioni msimamizi anapiga tena. "Umefungua upande gani?"

"Zote mbili."

"Kwa tangi moja?"

"Nilisaidiwa."

Kitandani kwake kambini, Lebuajoang ana kokwa sita za pichi ndani ya kopo. Anataka kupanda mti hapahapa mlimani, kando ya ukuta wa banda la greda, ili watu wanyoe kwa kufuata maua yake. Tlali ameahidi kuchimba shimo, lakini ardhi bado imeganda.

"Atasubiri ilainike," anasema. "Na nimemkataza kwenda bondeni kuuliza kama imelainika."