Sufuria Yenye Utepe wa Kijani

Hilaire Kalenga aliomba aoneshwe sufuria. Mhudumu, msichana aliyebeba sahani tatu kwa mkupuo, alidhani hakusikia vizuri. Hilaire akarudia kwa Kifaransa, polepole, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa: angependa kuiona sufuria ambamo tambi za binti yake zingechemshwa, na maji yake, na chujio lake, kama haingekuwa usumbufu.

Anaïs, binti mwenyewe, miaka tisa, alijiteremsha kwenye kiti mpaka juu ya meza likabaki paji la uso tu.

"Papa, on avait dit utauliza mara moja."

"Nauliza mara moja."

"Non. Hii ni ya quatrième." Vidole vinne vikatokea juu ya meza.

Kabla ya ugonjwa, Jumamosi yao ilikuwa nyepesi. Mchana walikuja hapa, mgahawa mdogo wa Kiitaliano nyuma ya Porte de Namur, Brussels, mtoto akala spageti yenye nyama ya kusaga, baba akala iliyobaki, kisha wakashuka Matonge, mtaa wa Wakongo, kununua sombe, yaani kisamvu, na samaki wa wiki. Lakini mwaka ule Anaïs alikataa kurefuka. Tumbo likavimba, miguu ikawa vijiti, na darasani akawa wa kwanza kusinzia. Mwezi wa Aprili daktari wa watoto alimwita Hilaire ofisini, akafunga mlango, akamwambia jina la ugonjwa: seliaki. Utumbo wa mtoto haupatani na ngano. Hakuna dawa, ila kuiacha ngano maisha yote. Na haitoshi kuiacha kwa wingi, kwa maana hata chembe moja ya mkate iliyoanguka kwenye chakula chake inatosha kuwasha moto upya.

Hilaire alikuwa mlinzi wa mapokezi katika ghorofa moja la ofisi karibu na Gare du Nord. Kazi yake ilikuwa kutazama nani anaingia na amebeba nini. Tangu Aprili aliifanya kazi hiyo mchana kutwa, akirudi nyumbani akaiendeleza kwenye mdomo wa mwanawe.

Aliyetoka jikoni alikuwa mpishi mwenyewe, mtu mnene aitwaye Fahad, akijifuta mikono. Hilaire alijiandaa kufukuzwa. Fahad akamwashiria kwa kidole amfuate. Kule ndani, katika mvuke, palikuwa na meko ya pembeni, na juu yake sufuria ndogo yenye utepe wa kijani kwenye mpini. Chujio lake lilikuwa na utepe wa kijani, na kijiko chake cha mti vilevile. Dada yake Fahad alikuwa na mtoto wa namna hiyo, ndiyo maana.

"Uliza tu, bwana," Fahad alimwambia. "Mteja asiyeuliza ndiye anayenitia hofu." Akachukua kibunda cha utepe ule kwenye rafu, akamtumbukizia mfukoni.

Anaïs alikula sahani nzima. Hilaire hakula. Alimtazama akitafuna kama mtu anayetazama maji yakipanda.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu Hilaire alijua kupika spageti, na alijua kwa namna ya Likasi, mji wa kwao Kongo. Likasi spageti huvunjwa vipande viwili, huchemshwa mpaka ilegee na kusema imeiva, kisha hukaangwa na nyanya, kitunguu na samaki wa kopo. Tambi ngumu kwenye sahani ya mgeni ni aibu: utasema mwenye nyumba kaishiwa makaa. Lakini hizi tambi mpya, za mchele na mahindi, hazikuvumilia mafunzo hayo. Mara ya kwanza alizivunja, akazichemsha, akaenda kupokea simu ya Mignonne, mama yake Anaïs, waliyeachana naye na ambaye sasa aliishi Montréal na kupiga kila Jumapili kuuliza mtoto amekula nini. Aliporudi, sufuria ilikuwa na uji wa rangi ya mawingu; akautia nyanya hivyohivyo. Anaïs alichovya kijiko, akakiinua juu, akatazama kinavyodondoka.

"Bouillie," akasema. "Mais hii bouillie iko na nyanya."

Akajifunza. Maji mengi, chumvi, asivunje, asiondoke, dakika tisa kwa saa ya simu. Akafunga utepe wa kijani kwenye sufuria mpya, kwenye chujio, kwenye mwiko. Usiku aliota pakiti na maandishi yake ya nyuma. Alikuwa ameyasoma mara nyingi hata akayajua kwa moyo, na yale ya spageti za zamani, alizozitupa Aprili, aliweza kuyasema kama sala: semoule de blé dur, chengachenga za ngano ngumu.

Mwezi wa Oktoba damu ya Anaïs ilipimwa. Namba ambayo ingepaswa kuwa imeanguka ilikuwa palepale. Daktari hakumlaumu, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama. Alisema ngano bado inaingia mahali fulani. Watapima tena Januari. Ikibaki hivyo, itabidi walaze mtoto, wampe usingizi, washushe kamera tumboni mara ya pili, watafute ugonjwa mwingine ulio mbaya zaidi. Hilaire alikumbuka ile kamera ya kwanza: mkono mdogo ulivyolegea ndani ya mkono wake kabla sindano haijatolewa.

Mtaalamu wa lishe alimtaka aandike kila alichokula mtoto kwa siku kumi. Alijaza kurasa mbili. Yule mama alipita na kalamu juu ya kila mstari, akasimama penye neno moja. Bukari ni nini? Hilaire akamweleza: ugali wa mahindi, chakula chetu. Mama akatabasamu. Mahindi hayana neno, ampe kwa wingi.

Basi Hilaire akakata shauri. Mgahawa, basi. Tambi, basi, hata zile za mchele, maana nani ajuaye zimepita kwenye mashine gani. Wangerudi kwenye chakula kisichokuwa na pakiti wala maandishi. Anaïs alilia siku mbili kwa ajili ya Jumamosi yake. Siku ya tatu akaacha kuitaja.

Bukari nzuri kuliko zote Brussels ilipikwa Molenbeek, ng'ambo ya mfereji, kwa dada yake mkubwa, Marie-Claire. Huko ndiko Anaïs alikopelekwa kila Jumatano, siku ambayo shule hufungwa mchana, na huko ndiko bukari ilikoanza kutoka sasa ikiwa imefungwa kwenye bakuli, ya kula Ijumaa na Jumamosi. Marie-Claire alimlea Hilaire baada ya mama yao kufa, akamtangulia Ubelgiji, akamvuta. Siku alipoambiwa habari ya ngano alitoa nyumbani kwake mikate, biskuti na unga wa maandazi, akampa jirani, akaapa mbele ya picha ya Bikira kwamba ngano haitavuka kizingiti chake.

Novemba mtoto alizidi. Shule ilipiga simu: Anaïs amelala kwenye sakafu ya chooni, anashika tumbo. Juma lililofuata ikapiga tena. Ilikuwa mara ya tatu Hilaire alipotazama kalenda ya zamu zake pale mapokezini na kuona kwamba shule hupiga Alhamisi. Kila Alhamisi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali ilimjia yenyewe, akaifukuza kwa aibu.

Kuuliza si ujinga, wanasema wazee. Lakini hawakusema kwamba si tusi. Kwa watu wa kwao, aliyekupikia humuulizi ametia nini. Ukimuuliza, umemwambia kwamba analoga, na kila aliye chumbani amesikia. Kwenye msiba wa mama yao, mjomba mmoja aliyelewa alimuuliza shangazi yao amechanganya nini kwenye mchuzi. Shangazi aliweka mwiko chini, akafunga kitenge chake, akaondoka. Hakukanyaga tena nyumba ile mpaka naye akazikwa.

Hilaire aliubeba mzigo huo juma zima. Alijaribu kuuzunguka: akamwambia dada yake kwamba mtoto amechoka, Jumatano hii abaki nyumbani. Marie-Claire akajibu kwamba ameshanunua samaki. Jumatano akaomba ruhusa kazini, akavuka mfereji kwa miguu kutoka Gare du Nord, upepo ukimpiga ubavuni, akirudia sentensi moja kwa namna kumi, na kila namna ilikuwa tusi.

Anaïs alikuwa sebuleni na kitabu cha hesabu. Marie-Claire alikuwa jikoni, mgongo mlangoni, akisonga. Maji yalikuwa yameshashika unga. Hilaire alisimama na koti lake la kazi.

"Yaya," akasema, kama alivyomwita dada yake tangu utoto, "mu bukari unatiaka mo nini?"

Mwiko ukasimama.

"Umesema nini?"

"Ile unga. Iko mo nini?"

"Unga iko mo unga." Marie-Claire aligeuka. Hakuwa na hasira bado; alikuwa akimpa nafasi ya kurudi nyuma. "Hilaire. Miye njo nilikulisha, ulikuwa hauna meno. Leo unaniuliza natiaka mo nini? Bon. Sema yote basi. Sema miye ni mulozi."

"Sisemi vile, Yaya."

"Unasema. Hauvue hata koti, unauliza muntu mu cuisine yake."

Hilaire aliona angeweza kucheka, akasema anatania, akavua koti, akala. Mlango huo ulikuwa wazi. Kutoka sebuleni ilisikika kalamu ya Anaïs ikikwaruza karatasi.

"Mupishi ya restaurant, muntu sijue hata baba yake, nilimuuliza mara quatre," akasema. "We sikukuuliza hata mara moja. Na mutoto anagonjwaka kila jeudi."

Marie-Claire alimtazama. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama mtu anayehesabu. Kisha akazima gesi, bukari ikiwa nusu, jambo ambalo Hilaire hakupata kuliona maishani, akainama, akavuta kutoka chini ya sinki ndoo nyeupe yenye mfuniko, iliyowahi kuwa na mayonezi ya kibanda cha viazi. Unga ulikuwa umejaa hadi shingoni, mweupe, na ndani yake punje za manjano.

Akaeleza kama anayeeleza jambo linalojulikana na wote. Unga wa mahindi wa maduka ya huku haushiki. Si unga wa kinu cha Likasi. Ukiusonga peke yake unavunjika vidoleni kama mchanga. Kipupwe chake cha kwanza hapa akina mama wa parokia walimfundisha: nusu unga, nusu semoule, uchanganye siku ileile unayonunua, ndoo ikae tayari. Kila mtu anafanya hivyo. Hiyo ndiyo bukari ya Brussels.

Pakiti ya semoule ilikuwa kabatini, imekunjwa vizuri, imebanwa kwa kibanio cha nguo. Hilaire hakuhitaji kuigeuza, lakini aliigeuza. Maneno yalikuwa yaleyale ya sala yake: semoule de blé dur. Spageti aliyoifukuza nyumbani kwake, kwenye mgahawa, kwenye Jumamosi za mwanawe, ilikuwa humu ndani muda wote, imesongwa vizuri, inavuka mfereji kwenye bakuli.

"Iko ngano," akasema.

Marie-Claire alimnyang'anya, akasoma mwenyewe, kidole chini ya kila herufi. Akakaa kwenye kigoda.

"Donc ni miye."

"Hakuna muntu alijua."

"We njo unasomaka ma papier ya byakula byote." Alisema kwa sauti ndogo, macho kwenye ndoo. "Ya kwangu, juu ya nini haukusoma?"

"Nilikuwa naogopa."

Marie-Claire akaifunika ndoo. Anaïs akatokea mlangoni kuuliza, kwa vile bukari imeachwa nusu, watakula nini alors.

Kwenye begi la kazi la Hilaire ilikuwamo pakiti moja ya tambi za mchele; hakuwa na moyo wa kuitupa. Marie-Claire alisugua sufuria mara tatu, akamsukuma mdogo wake kando alipotaka kusaidia. Alitaka kuzivunja tambi. Anaïs akamshika mkono. Alitaka kuziacha dakika ishirini. Simu ikalia kwenye ya tisa. Wakazila na sombe na samaki, jambo ambalo Fahad asingelipenda. Marie-Claire alitafuna muda mrefu.

"Hii byakula haina mufupa," akasema, akajiongezea.

Januari namba ilikuwa imeanguka. Si mpaka chini, daktari alisema, lakini zaidi ya nusu. Kamera haitahitajika kwa sasa. Hilaire alishika yale maneno mawili ya mwisho, kwa sasa, akayabeba nyumbani pamoja na mengine.

Marie-Claire akaitisha chakula cha shukrani Jumapili baada ya misa. Hilaire angemkataza kama angejua namna. Shukrani maana yake ni akina mama wa parokia, na kila mama na chungu chake kimefunikwa kwa kitambaa, na kila chungu ni mdomo usioulizwa. Meza ilikuwa imeandaliwa. Upande mmoja palikuwa na sufuria ndogo yenye utepe wa kijani, na sahani ya Anaïs iliyofungwa utepe ukingoni. Hilaire alisimama karibu nayo kama pale mapokezini, akisikia lifti inapanda.

Wa kwanza kuingia alikuwa Maman Rolande, kiongozi wa kwaya, na boulettes zake, madonge ya nyama ya kusaga yanayosifiwa hadi Liège. Nyuma yake ngazi ilikuwa imejaa watu. Marie-Claire alisimama katikati ya mlango, akampa mabusu matatu, lakini hakusogea.

"Karibu, Maman Rolande," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi chini. "Umetia mo nini?"

Walio ngazini wakainua shingo. Maman Rolande alimtazama juu mpaka chini, chungu kikiwa moto mikononi mwake. Hilaire alifungua mdomo aseme kitu, chochote, na dada yake, bila kugeuka, akamnyooshea kiganja anyamaze.

"Kuko mutoto yetu mu hii nyumba," Marie-Claire akasema. "Miye mwenyewe nilimugonjwesha, miaka. Njo nakuuliza."

Maman Rolande alipumua. Alitazama ndani, akamwona mtoto, akaona sahani yenye utepe.

"Mukate," akasema mwishowe. "Mukate kidogo, juu ishikane."

Marie-Claire alikipokea chungu kwa mikono miwili, kwa heshima, akakipeleka mwisho kabisa wa meza, mbali na utepe. Kisha akarudi mlangoni kumngoja anayefuata.