Mdogo Wangu Amejifanya Yeye Ndiye Anayefinyanga Sanamu Zangu

Admin, nifichie jina, na wasomaji mnivumilie kwa maneno mengi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nimeolewa Kishanda, wilaya ya Muleba. Tunalima migomba na kahawa kama wengine. Ila mimi nina kazi yangu nyingine, nafinyanga sanamu ndogo za udongo, zile za kupamba sebule. Bibi yangu alifinyanga vyungu, nami nikafuata mkono wake. Nazichoma nyuma ya jiko kwa majani makavu ya migomba, na nusu hupasuka, ndiyo kazi yenyewe ilivyo.

Mdogo wangu wa kike wa tumbo moja, ana miaka ishirini na tisa, ana duka la mapambo Rwamishenye, Bukoba mjini. Yeye ndiye aliyekuwa akiniuzia. Huyu mtoto nilimlea mimi. Alikuwa akija kwangu kila likizo, anakula kwangu, analala na binti yangu kitanda kimoja. Kwa hiyo nilipompa sanamu sikuwahi kuandika jina langu chini. Nani anaandika jina kwenye kitu anachompa mdogo wake?

Sanamu zinazopendwa zaidi ni za mama aliyebeba mtoto mgongoni. Mtoto amelalia upande wa kushoto, kila sanamu hivyo hivyo. Mwaka jana mdogo wangu alinipigia simu akasema, "Dada, wateja wanauliza, mbona watoto wako wote wanalala kushoto?" Nikamwambia, ingawa alikuwa anajua nusu yake. Miaka kumi na miwili iliyopita binti yangu wa miaka minne alishikwa na homa, nikambeba kwenda zahanati kwa miguu, mvua ikinyesha. Alilaza kichwa kushoto. Nilikuwa nasikia pumzi yake shingoni. Tulipofika kwenye kona ya kanisa nikawa siisikii tena, lakini sikumshusha, niliendelea kutembea mpaka zahanati. Hilo la kutembea sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu. Nilimwambia yeye.

Mwezi uliopita akanipigia tena kwa furaha. Kuna kikundi cha watu wanaokusanya sanamu, wengine Wazungu, wengine wa Dar na Mwanza, wameomba kukutana na mtu anayezifinyanga, hotelini Bukoba. "Njoo mapema, dada, tupange meza." Nikavaa kitenge changu cha Pasaka. Nilifanya mazoezi ya kusema "asanteni sana kwa kufika" mbele ya mbuzi wangu, msinicheke.

Watu walipokaa, mdogo wangu alisimama, akanishika bega. "Huyu ni dada yangu, ananisaidia kuchimba udongo." Nilidhani amekosea. Nikasubiri ajirekebishe. Akanipa sahani ya senene, wale panzi wetu wa kukaanga, nipitishe kwa wageni, nami kwa ujinga wangu nikaipokea.

Halafu mama mmoja wa Dar akauliza kwa Kiswahili kizuri tu, "Mwanangu, hawa watoto mbona wote wanalala kushoto?" Mdogo wangu akainamisha kichwa, akaanza. Mvua. Homa. Pumzi shingoni. Kona ya kanisa. Alisema "binti yangu". Akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo ndilo linalonichanganya. Yule mama akanyanyuka akamkumbatia. Mimi nimesimama hatua tatu nyuma yao na sahani ya senene.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Niseme nini? Nianze kugombea mtoto aliyekufa mbele ya wageni? Niliona aibu kana kwamba mwizi ni mimi.

Walipoondoka nikamuuliza. Akasema, "Dada, Kiingereza hujui, mbele za watu unatetemeka. Mimi nimekusemea."

"Umenisemea au umejisemea?"

"Ni kitu kimoja. Sisi si damu moja?"

Nikampelekea mama yetu shauri hilo, nikijua atamkemea. Mama akasema, "Waitu mwanangu, usimvue nguo mwenzako hadharani. Mtoto alishakufa, hakuna anayekunyang'anya." Nimesikia maneno mengi makali maishani, lakini hayo ya mama yamenikaa vibaya kuliko yote, kwa sababu aliyasema kwa upole.

Ningemeza na hilo. Sanamu ni udongo, nitafinyanga nyingine. Lakini juzi mdogo wangu amenipigia kwamba wale watu wanataka kuona mahali anapofanyia kazi, na wanakuja kwangu Jumamosi. Atawaambia ni nyumbani kwake. Tena yule mama wa Dar ameomba aweke maua kwenye kaburi la mtoto, na yeye amekubali. Kaburi liko humu humu kibanjani, kwenye migomba yetu, hatua chache kutoka mlangoni. Ameniomba siku hiyo mimi na mume wangu twende Nshamba, tukashinde kwa shemeji mpaka jioni.

Mume wangu hajui chochote. Ni mtu mpole, lakini kaburi lile hulipalilia yeye mwenyewe, hataki hata mimi nilishike. Nikimwambia, mdogo wangu hatakanyaga hapa tena na mama atanilaumu mpaka afe. Nikinyamaza, Jumamosi watu watasimama juu ya mwanangu wampe pole mtu mwingine, na mimi niko Nshamba nakunywa chai.

Wenzangu, mama zangu, hasa ninyi mliowahi kuzika mtoto, niambieni ukweli hata kama unauma. Mngekuwa mimi, mngekwenda Nshamba?