Vidonge Vyeupe vya Fundi Saa

Mume wangu ni fundi saa. Miaka thelathini na moja amekaa meza ileile mbele ya duka la vitambaa, lenzi jichoni, akiokota skrubu ndogo kama chawa. Mwaka jana mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzoni nilimtania, "Baba watoto, unacheza muziki gani?" Alipokwaruza saa ya mteja, utani ukaisha.

Daktari wetu alisema ni ugonjwa wa uzeeni, hauponi. "Auze vifaa mapema, mama." Tukaitikia. Nani angembishia mtu mwenye vyeti ukuta mzima?

Mnunuzi wa vifaa alikuwa aje Jumamosi. Alhamisi tulimkuta kliniki daktari mwingine wa zamu, binti mdogo, akatuambia tumwage dawa zote mezani. Akaokota kidonge cheupe.

"Hiki anameza tangu lini?"

"Tangu aliposhikwa na kizunguzungu. Miaka miwili sasa."

Binti akashusha pumzi. "Mama, hiki ni cha wiki mbili. Kikizidi, chenyewe kinaweza kutetemesha mikono."

Loo! Nilipanda mori. Nikamvuta mume wangu hadi chumba cha daktari wetu, hodi sikupiga.

"Umemharibia mume wangu mikono!"

Alifungua faili, akasoma, uso ukamshuka. "Niliandika wiki mbili."

"Ulisema asiache hata siku moja!"

"Nilisema. Sikusema mwisho ni lini. Na alipoanza kutetemeka, sikuuliza anameza nini. Nimekosea, mama."

Nilikuja kugombana, nikavuta kiti nikaketi. Maana kila mwezi ni mimi niliyepeleka kopo tupu duka la dawa nikasema, "Nipe kama hivi." Ni mimi niliyemwekea vidonge kiganjani kila asubuhi, hata alipolalamika kuwa vinamlegeza. Nilimkaripia: asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

"Akiviacha, mikono itarudi?" nikauliza.

"Wengi hupona, baada ya miezi. Yeye, sina hakika."

Mnunuzi tulimwambia asubiri. Leo ni siku ya hamsini na mbili tangu aviache, na bado anashika kikombe kwa mikono miwili. Moyo unaniuma kumtazama. Jana nilimwomba msamaha.

"Nilijua vinanimaliza," akasema. "Nikaogopa kuviacha."

"Ulimwogopa daktari?"

"Daktari kidogo," akasema. "Wewe zaidi."