Mfuma Vikapu na Msomaji Wake

Jumanne, 4 Machi 2025. Mvua asubuhi, jua kali mchana. Mfuma vikapu wa kijiji cha Mella, asiyeona, alipakata chombo chake kipya cha vitabu vya kusikiliza kama anayepakata kifaranga. Vidole vyake vyenye sugu vilipapasa vitufe bila kubonyeza. Sauti ya kiume ilisoma, naye akaitikia “ee, ee,” hata maneno yalipompita.

“Mama, bonyeza irudie!” alisema jirani yake, Apio.

“Nimkatize mtu akiongea? Aibu!”

“Hiyo si mtu, Mama! Haiwezi kukasirika!”

Alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Miaka yote watu waliomsomea vitabu waliruka kurasa, naye akanyamaza kwa adabu.

Kesho yake asubuhi alibonyeza kitufe, akamkatiza msomaji wa chombo katikati ya sentensi, akapaza sauti: “Rudi nyuma, baba! Hapo sijashiba.”