Meza Pana, Sinia Moja

Leo meza niliyoiunda kwa mikono yangu imenitenga na mke wangu.

Msicheke kwanza.

Mke wangu, Bi Mwanahawa, magoti yamegoma. Mkekani hakai tena. Siku hizi anakula peke yake jikoni, kwenye kiti.

Nikasema hapana. Nikachukua mbao hapa Visiga, nikapiga randa uani, nikaunda meza pana ya kizungu niliyoiona kwenye simu.

Mchana nikamketisha kule, mimi huku, sinia la wali katikati.

Mkono wangu haufiki. Wake haufiki.

"We mzee, hii meza au kitanda?"

Nikamletea sahani yake. Akaisukuma.

"Na nyama atanisogezea nani?"

Kumbe anajua! Miaka yote namsogezea minofu kwenye sinia kimyakimya, nikidhani haoni.

Basi nikahamia upande wake na kiti changu. Tumekula bega kwa bega kama maharusi.

Upande wa pili kakaa paka.

Mafundi, niikate iwe nyembamba? Bi Mwanahawa kasema nikiigusa, nitalala juu ya meza hiyohiyo.