Michembe ya Shangazi

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa pamba wakamiminika Bariadi, nilipata ukarani kwa mmoja wao, na ukarani ukanipanda kichwani. Karibu na stendi vikazuka vibanda vya chipsi. Nilikula chipsi kuku kila mchana. Mafuta yalikuwa meusi, yamekaangiwa tangu juzi, na viazi vilikuwa teketeke, lakini vilikuja na tomato sosi na njiti ya kuchomea, nami nikajiona mtu wa mjini.

Siku moja nilikwenda Ipililo kumsalimia shangazi, dada wa baba, mjane aliyeishi peke yake. Alifurahi mpaka akapiga vigelegele. Akachemsha michembe, vile vipande vya viazi vitamu alivyovikausha mwenyewe juani, akatwanga karanga, akawaita majirani tule pamoja.

Niliiangalia ile michembe ya kahawia nikasema, "Mimi siku hizi sili vitu hivi, shangazi."

"Hata kipande kimoja, ng'wanawane?" Mwanangu, ndivyo alivyoniita siku zote.

Nikatikisa kichwa. Na njaa ilikuwa inaniuma, hilo ndilo linalonikera hadi leo. Majirani wakaacha kula. Mzee mmoja alirudisha kipande chake bakulini, akaenda zake bila kuaga.

Nilipaswa kujua. Kwetu mtu wa damu akikataa chakula mbele za watu, hakuna anayewaza chipsi. Wanawaza sumu, wanawaza uchawi, na mjane mzee anayeishi peke yake hachelewi kupewa jina hilo.

Baba ndiye aliyekuja Bariadi kuniambia. Kwenye msiba wa jirani, sufuria ya shangazi ilirudi nyumbani imejaa. Watoto walikatazwa kupita kwake.

"Umemzika dada yangu angali mzima," alisema.

Kesho yake nilipanda lori la pamba, aibu imenijaa. Nilikaa uani kwake mchana kweupe, majirani wakiona, nikaomba michembe, nikala. Baadhi yao walisogea polepole, wakala. Wengine hawakurudi kamwe.

Shangazi aliishi miaka mingine sita, na hakuwahi kunilaumu. Ila tangu siku ile, kila aliponiandalia chakula, alichukua tonge la kwanza yeye, akalila mbele yangu, akafungua kinywa nione kwamba amemeza. Ndipo akanisogezea sahani.