Robo za Anselmi

Haya ninayoandika hutayaamini, wala sitakuapia. Hombolo nzima inajua zabibu zangu ni tamu kuliko za mtu yeyote upande ule wa bwawa, na kwamba chumvi mimi naitia kwenye mboga tu.

Mtu mwenyewe ni Anselmi, mume wa mpwa wangu Klara. Anakaa Nzuguni na kazi yake iko masjala, yaani chumba cha mafaili cha ofisi moja ya serikali. Ofisi ilipohamia Dodoma, yeye ndiye aliyepakia mafaili kwenye malori, na tangu siku hiyo akaamini kuna moja limedondoka njiani. Halikudondoka. Lakini hebu jaribu kumwambia mtu wa masjala! Simu ya mezani ikilia tu, moyo wake unakimbia kuliko yeye mwenyewe anavyoweza kukimbia.

Daktari mmoja akampa vidonge vya kutuliza wasiwasi, vya wiki mbili. Anselmi huyu, ambaye hakuazimi faili hata siku moja zaidi ya uliyosaini, akavimeza miaka miwili. Kulikuwa na duka la dawa Chang'ombe ya hapa Dodoma lisilomdai cheti. Muuzaji alikuwa akimwona mlangoni tu: “Vilevile, mzee?” Utadhani anauza karanga.

Februari Klara akaniita. Nikaja na tenga la zabibu na akili zangu zote za darasa la saba.

“Shikamoo, mjomba,” Anselmi akasema.

“Marahaba. Vidonge viko wapi?”

“Mjomba, bila hivyo siwezi hata kufungua kabati la ofisi.”

“Mwanamume mzima unabembelezwa na kitu kidogo kama punje ya mtama! Mimi sigara niliiacha Jumatatu, Jumanne nimeshaisahau.”

“Na Jumatano ukaikumbuka,” Klara akasema.

Nikavimwaga vyote chooni, nikavuta maji, nikajipongeza.

Siku ya kwanza Anselmi hakupata usingizi. Siku ya pili akasema friji inamteta. Siku ya tatu, huko kazini, akaanguka katikati ya makabati mawili, mwili umekakamaa na unatikisika, povu mdomoni. Hapo utani uliniisha.

Hospitali tulipokelewa na daktari kijana, Shamimu jina lake. Akauliza, “Nani alimwachisha ghafla?”

Nikaanza kusoma bango la kunawa mikono ukutani. Bango zuri sana. Nikalirudia.

“Mjomba,” Klara akasema, “daktari anauliza.”

“Ni mimi,” nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

“Mzee wangu, mwili wake umeizoea hii dawa. Ukiunyang'anya kwa mkupuo, unaweza kumuua. Tutamrudishia, halafu tutapunguza robo, tusubiri, tupunguze robo nyingine. Mwili ukigoma, hatuulazimishi. Hili si suala la uanaume.”

Basi vidonge vikawekwa kwa Klara, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hana huruma na mtu asiyefuata ratiba. Siku mwili ulipomchachamalia, Anselmi aliomba nyongeza. Klara, kwa kuchoka, akamwambia, “Niandikie.”

Kosa kubwa! Mtu wa masjala haambiwi neno hilo. Kesho yake lilikuja dokezo, lina namba na tarehe: *Yah: Ombi la nusu kidonge kabla ya muda. K.k. Mjomba.* Yaani lipitie kwangu kwanza! Nikaandika pembeni: “Napendekeza apewe zabibu.” Klara akamalizia kwa kalamu nyekundu: “Halikubaliki. Anywe uji, tutembee wote hadi dukani na kurudi.” Wakatembea.

Madokezo yakafika kumi na saba. Mengine mwandiko ulikuwa umetetemeka hadi nikashindwa kuyasoma, na hayo sikuyachekea. Kuna wiki daktari alisema wasipunguze kitu, wasubiri tu, na Anselmi akalia mbele yangu kwa kuona amefeli. Nikamwambia aliyefeli ni mimi. Hilo naomba mlisome haraka mpite.

Halafu likaja dokezo fupi: *Yah: Mikono. Imetulia tangu asubuhi hadi chai ya saa nne. Simu imelia mara mbili. Kwa taarifa tu.* Halikuomba kitu. Klara hakutafuta kalamu nyekundu. Alilikunja, akalitia kwenye Biblia yake, akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Leo niko mezani kwao naandika haya, Anselmi kanisimamia nyuma ya bega kama msimamizi wa mtihani. Na sasa, wasomaji, natangaza rasmi kwamba, kwa uangalizi wangu, mwanamume huyu amemaliza dawa zote, tangu mwezi uliopita hajaonja hata chembe, anafungua makabati mawili kwa mkono mmoja huku simu tano zinalia, na wakubwa wa ofisi wamemwomba awafundishe wenzake namna ya kutul—

“Futa hapo, mjomba. Bado robo.”